Risasi Inayobaki Ndani

Zuhura mwanangu,

Assalaam alaykum. Adhuhuri imeshapita, na wewe umetoka na baibui langu jipya bila kuniomba, kwenda kuaga kwa shangazi zako. Sikugombi. Lichukue moja kwa moja, lako limeshapauka. Ila ungeniomba ningepata sababu ya kukusemesha, maana tangu juzi mimi na wewe tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Ndiyo maana naandika. Mdomo wangu unaujua mwenyewe. Ukifunguka kwa hasira unatoa maneno ambayo baadaye natamani niyarudishe na hayarudi. Kalamu walau inanichelewesha. Nikimaliza nitaitia barua hii kwenye begi lako, chini ya mkate wa kumimina, uikute ndani ya basi. Nakujua, njaa itakushika hata Nangurukuru hatujafika. Loo, nimeandika "hatujafika" utadhani na mimi nimo safarini.

Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji, na kutomwamini kila anayekuita dada, nimekwambia tangu una meno ya utoto. Hayo tuyaache. Nataka tuzungumze lile la juzi.

Ulikaa barazani na simu yako ukaniita. "Mama, njoo uone. Hii ndiyo tutakayopewa kazini." Nikainama nikidhani ni sare. Kumbe bastola. Ukaanza kunisomea sifa zake. Kwamba ni ile kubwa kamili, siyo ya kuficha kwenye pochi. Kwamba mwili wake ni wa plastiki ngumu kwa hiyo haichoshi kiunoni. Kwamba inabeba risasi nyingi, vilengeo vyake vinang'aa gizani, na kishikio kina vipande vya kubadilisha, vya mkono mnene na vya mkono mwembamba. Ulisoma kwa raha zako, kama unanisomea bei za vitenge. Mimi nikainuka nikaingia jikoni, na jikoni hapakuwa na chochote motoni.

Ukanifuata. Ukasimama mlangoni. "Mama, najua. Lakini kazi nyingine iko wapi? Nimemaliza mgambo mwaka wa ngapi huu, nimekaa tu. Kampuni yenyewe inalinda magari ya benki, kuna mshahara, kuna bima. Basi nipe radhi yako niondoke vizuri."

Nami nikakujibu, "Radhi nilimpa kaka yako, akaenda nayo mchangani. Sina nyingine."

Nilikusikia ukilia uani. Nilikusikia vizuri sana. Nikachukua sufuria safi nikaanza kuiosha. Mtoto wangu wa pekee aliyebaki anasafiri, tena kwa kazi kama hiyo, na mimi nimemnyima radhi, naosha sufuria ambayo haina hata tone la mafuta. Basi hapo ndipo tulipofika, na kesho alfajiri basi linaondoka. Nikikuacha upande basi hivi hivi, sijui nitakaa wapi mwilini mwangu.

Zuhura, ya kaka yako Rashidi unayajua, lakini unayajua kwa macho ya mtoto wa darasa la pili. Watu wazima humu ndani tumeyazungumza nusunusu, kisha tunaomba maji ya kunywa. Kama utavaa kitu kile kiunoni, unastahili kuyapata mazima. Na lazima nianzie dukani, maana watu wote wanaanzia Likawage, kwenye ngoma. Mimi najua yalianzia dukani.

Baba yako wakati ule alikuwa mnunuzi wa ufuta. Anatoka kwao Likawage na lori, anashuka mpaka huku Masoko. Mara moja walimvizia kwenye ile barabara ya msituni, wakamvua hadi viatu. Alirudi hapa anatembea na soksi, mimi nikacheka kwanza kabla sijajua. Baada ya hapo akasema anataka silaha, ya halali, yenye kibali. Akahangaika na kibali karibu mwaka mzima, kijiji mpaka wilaya, na akakipata. Baba yako hakuwa mtu wa njia za panya, hilo ulijue.

Tukaenda Dar pamoja kununua. Mimi nilikwenda kwa sababu ya Kariakoo yangu, vitambaa, lakini akanivuta dukani. Muuzaji alikuwa kijana mpole, ana ndevu chache, anatuita baba na mama. Akatoa mbili, akaziweka juu ya kitambaa chekundu. Moja ndogo, unaifumbata. Nyingine kubwa kama yako hii, ila ya chuma tupu.

Baba yako akaishika ndogo, akairudisha. Akashika kubwa. Kijana akasema, "Baba, watu wanaipenda ndogo kwa kuwa ni nyepesi, lakini ndogo inaruka mkononi. Kubwa uzito wake wenyewe unaituliza. Tena ule mwili mrefu unakusaidia kulenga. Tena inakula risasi nyingi." Baba yako akaipima pima, akaiangalia huku na huku. Nikamwambia, "Inakupendeza." Ni kweli nilisema hivyo, kana kwamba ni saa. Akatabasamu.

Halafu mimi, kwa kuwa nimeolewa kwenye ukoo wa gobore, nikauliza la kwetu. "Mwanangu, sasa mtu akishapiga, anashindiliaje nyingine?" Yule kijana akacheka kwa adabu. "Mama, hii haishindiliwi. Inajilisha yenyewe. Ukipiga moja, ile nguvu ya mlipuko inarudisha hiki cha juu nyuma, ganda linatoka, na nyingine imeshaingia chemba, pale inapopigiwa. Imekaa tayari, inakusubiri wewe tu." Nikasema, "Alhamdulillah, kazi imepungua." Tukacheka wote watatu.

Zuhura, kila sifa aliyotutajia kijana yule ilikuwa kweli. Hakutudanganya hata moja. Nimemtafutia kosa miaka yote hii nimelikosa.

Sasa nikueleze gobore, maana wewe hukulikuta. Babu yako wa Likawage alikuwa nalo la kufukuzia nguruwe shambani. Unamimina baruti, unashindilia, unapiga. Likishalia limekwisha. Hapo ni fimbo. Unaliegemeza ukutani, watoto wanalipanda wanacheza farasi, mwanamke analisogeza kwa mguu akifagia. Sisi wote pale tulizijua bunduki kwa namna hiyo. Bunduki inatisha kabla ya mlio. Baada ya mlio ni kitu cha nyumbani.

Na ukoo wa baba yako una desturi yao. Mwali akitolewa jandoni, akionekana tu njiani amebebwa mabegani, baba yake anapiga baruti moja juu. Kisha anampa mwanawe lile gobore mkononi, likiwa bado na moto, aingie nalo uani. Mtoto analinusa mdomo, apate ile harufu. Wanasema ndiyo harufu ya kuwa mkubwa. Baba yako aliingia hivyo. Baba yako mdogo Selemani aliingia hivyo. Hakuna aliyewahi kuumia, maana lingemuumizaje mtu, na limekwisha?

Babu yako alipofariki, gobore lilirudishwa serikalini kama inavyotakiwa. Nyumba ikabaki haina. Rashidi alipokwenda jando kule Likawage, hakuna aliyelifikiria jambo hilo mpaka asubuhi ile ya kuwatoa wali. Mimi nachoma maandazi, wewe unaniibia ya moto unaungua vidole. Selemani akaja akasimama mlangoni. "Kaka, sasa mwali wetu ataingiaje mikono mitupu?" Baba yako akafikiri kidogo. "Bastola ninayo."

Mimi nikageuka na kijiko changu. Nikasema, "Moja tu, halafu uiweke." Akasema, "Moja tu, Somoe."

Hilo neno nimelitafuna mpaka limeisha ladha. Moja tu. Lile ni neno la watu wa gobore. Kwenye bastola ile halikuwa na maana yoyote, na sisi wawili tulikuwa tumeshaambiwa hivyo, tumesimama kwenye kapeti la dukani, tukacheka.

Watu wanasema baba yako hakuijua silaha yake. Si kweli, nawe ukisikia usikubali. Alifundishwa, alikwenda kupiga shabaha, alikuwa akiifungua na kuisafisha hapa hapa chumbani, akili yake inajua kila kitu. Akili ilijua. Mkono ndio ulikuwa wa Likawage. Na siku ya furaha, mwanangu, akili haiulizwi. Ngoma inapiga, vumbi linapanda, kaka zako wa ukoo wanaimba, mtoto wake wa kiume anatokea kwenye kona juu ya mabega ya Selemani, ana kanzu nyeupe, uso umepakwa mafuta unang'aa, anajikaza asicheke na anashindwa. Hapo mkono unafanya ulichozoea kukiona tangu utoto.

Akapiga moja juu. Wanawake tukaachia vigelegele. Wewe ulikuwa umeng'ang'ania kanga yangu, umeziba sikio moja. Baba yako akapiga hatua mbili, akainyoosha bastola juu, akampa Rashidi. Rashidi akaipokea kwa mikono miwili. Wakubwa walikuwa wamemwambia anuse baruti. Akaigeuza anuse.

Mimi sikuona. Mimi nilikuwa nimeinua uso juu, nimefumba macho, napiga kigelegele kirefu, unakijua kigelegele changu wakati ule, walikuwa wakinikodi maharusini. Nikasikia mlio wa pili. Nikadhani baba yako ameongeza kwa furaha. Nikaupigia kigelegele.

Mlio wa pili, Zuhura, mimi niliupigia kigelegele. Nilikuwa peke yangu. Wenzangu wote walikuwa wameshanyamaza, na mimi bado naendelea, mpaka mama mmoja akanifumba mdomo kwa kiganja chake.

Siandiki yaliyofuata. Umeyaona na wewe, na kama umeyasahau, Mungu azidi kukusahaulisha.

Baba yako hakukimbia. Aliiweka ile bastola chini, akakaa kando yake kama anaichunga, akiwazuia watoto wasisogee. Polisi walipokuja akasimama. Mahakamani aliulizwa ana la kujitetea, akasema hana. Akafungwa. Mimi nikarudi na wewe hapa Masoko, nikapika maandazi ya kuuza, ukakua.

Kinachofuata hukijui, na hiki si cha bastola, ni changu.

Siku aliyorudi kutoka gerezani ulikuwa shuleni. Nilimpikia wali na samaki wa nazi. Alikula taratibu, akamaliza, akanawa, akaniambia, "Ahsante, Somoe." Basi ile ahsante ikaniwasha. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu alikuwa amekula akashiba, na Rashidi hali. Nikamwambia, "Risasi ile ulimpa mwenyewe. Mkono kwa mkono."

Akainuka. Akachukua sahani yake akaitoa nje.

Wewe umekua ukimwona baba yako hampi mtu kitu mkononi. Anaweka. Chenji ya mteja anayezibiwa pancha ya baiskeli anaiweka juu ya kiti. Chai yako anaiweka chini, anasogea, ndipo unaichukua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimtania, "Baba, mimi siumi," ukimfuata na kiganja wazi, naye anazunguka. Watu hapa mtaani wanasema gereza limemharibu. Si gereza. Ni maneno yangu yale. Nilimwambia mkono kwa mkono, na tangu siku ile mkono wake haujagusa mkono wa mtu kwa kutoa. Hata mimi. Nimeona kila siku, na kila siku nikasema kesho nitamwambia yaishe. Nimemtazama mtu anateseka na dawa iko mdomoni mwangu, nikakaa nayo. Ubishi tu, mwanangu. Ubishi na uchungu vikikaa pamoja hutajua kipi ni kipi.

Kwa hiyo juzi nilipokujibu vile, ukalia, nikajisikia nimerudia yale yale.

Sasa nikupe habari ya jana. Ulikuwa umekwenda stendi kukata tiketi. Baba yako akaacha baiskeli ya mtu imelala magurudumu juu, akaja jikoni. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Nikajua kuna jambo, maana huyu jikoni haingii. Akasema, "Ile ya Zuhura, ina alama?"

"Alama gani?"

"Ya kuonyesha kama risasi imo chemba."

Zuhura, tangu Likawage baba yako hakuwahi kutamka neno risasi. Nilikuwa namenya muhogo, kisu kikasimama. Nikamwambia sijui, mwanao alinisomea mambo mengi, mimi nikakimbia. Akasema, "Amekusomea zinaingia ngapi?" Nikasema ndiyo, nyingi sana. Akatikisa kichwa. "Nyingi si kitu. Aulize hilo la alama. Nyingine zina kijichuma kinainuka ubavuni, risasi ikiwemo. Unakiona mchana, usiku unakipapasa kwa kidole. Yangu haikuwa nacho. Na ikiwa nacho, bado asikiamini peke yake."

Kisha akaniomba sabuni. Nikampa ule mche wa sabuni ya kufulia, niliuweka chini kama tulivyozoea, akauokota. Akaukata kwa kisu changu, kipande kirefu na kipande kifupi, akavikutanisha kama mtu anayeinamisha mkono. Ikawa bastola yake ile ile. Urefu ule ule, unene ule ule. Macho yake hayajasahau hata nukta. Akasema, "Mwambie hivi. Kwanza anatoa magazini, kile kikasha cha risasi. Hiyo ndiyo ya kwanza, kabla ya jambo lolote. Halafu anavuta hiki cha juu nyuma mpaka mwisho, kilichomo kitoke. Halafu anaangalia ndani kwa macho. Halafu anatia kidole kidogo, asikie patupu. Akigeuza mpangilio, akivuta kwanza ndipo atoe magazini, amejidanganya. Ameitoa moja, ameingiza nyingine."

Nikamuuliza, "Na ile ya kuifunga isilie?" Maana ulinisomea kwamba yako haina kile kijiti cha pembeni, ulinzi wake uko kwenye kifyatulio chenyewe. Akasema, "Yangu ilikuwa nacho. Nilikuwa nimekifungua ili nipige. Nani anakumbuka kukifunga, watu wanashangilia?" Akasema kwamba ukubwa ni mzuri, hilo kijana wa dukani alisema sawa, kubwa haikurupuki. Akasema yako ya plastiki itakuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo uishike kwa nguvu zaidi, kiganja kipande juu kabisa ya kishikio. Na vile vipande vya kubadilisha, chagua chembamba. Una vidole vyangu mimi mama yako, vifupi. Ukiweka kinene utalazimika kuusokota mkono ukifikie kifyatulio, na hapo italia upande usioutaka. Vilengeo vya kung'aa, sawa, havina ubaya.

Na akasema lingine, hili aliliambia sabuni, hakuniangalia mimi. "Usimpe mtu mpaka umeangalia, na yeye mwenyewe ameangalia. Na ukipewa, hata na bosi, hata na baba yako, usimwamini mpaka umeangalia. Kila mara. Hata kama umeangalia sasa hivi, ikitoka mkononi ikirudi, unaangalia tena. Mkono uzoee. Akili haitakuwepo siku hiyo."

Halafu, mwanangu, akafanya kitu. Akainua ile sabuni, akaniambia, "Shika." Nikangoja aiweke chini. Hakuiweka. Aliinyoosha mpaka ikanifikia. "Shika, Somoe. Nionyeshe kama umeelewa, utamweleza mtoto."

Nikaipokea mkononi mwake. Vidole vyake vina grisi ya baiskeli, vikaniachia weusi hapa kwenye kiganja. Nikafanya kama alivyosema. Toa magazini. Vuta. Angalia. Tia kidole. Sabuni imekatika katika, naitia kidole mtu mzima mimi, na machozi yananitiririka kwenye muhogo. Akasema, "Tena." Nikarudia. "Tena." Nikarudia, nikamwambia, "Baba Rashidi, lile neno nililokwambia siku ile, nilikosea kulisema." Akasema, "Lilikuwa kweli." Nikasema, "Kweli, lakini halikuwa la kusema." Halafu akasema, "Sabuni yako nimeiharibu." Nikamwambia itafulia hivyo hivyo.

Ndivyo tulivyokaa jana, ukaturudia na tiketi yako umenuna, ukaona tuko jikoni na sabuni iliyokatwa, ukatutazama kama wendawazimu. Ulikuwa na haki.

Basi nimekaa kuipima upya ile bastola yako, mimi na ujinga wangu. Kwenye simu wameandika mambo mengi mazuri, na nadhani yote ni kweli kama ya yule kijana. Ni kubwa, imetulia, inameza nyingi, inajilisha yenyewe. Lakini sifa zote zile zimeandikwa kwa ajili ya risasi inayotoka. Hakuna walipoandika kuhusu inayobaki ndani. Sisi tulimzika Rashidi kwa ile iliyobaki. Wewe ukiwa unaisafisha, ukiwa unaikabidhi zamu ikiisha, ukiwa unacheka na wenzako baada ya siku ndefu, ile inayobaki ndiyo uijue iko wapi. Mengine waachie wanaouza.

Ulisema juzi jambo moja nikajifanya sikusikia. Ulisema, "Mama, na mimi sitaki kukiogopa kitu kile maisha yangu yote." Nilisikia. Nikakuona mjuaji. Leo nafikiri tofauti kidogo. Mimi nimeogopa kwa niaba yetu wote, na uoga wangu haukumlinda mtu. Umemnyamazisha baba yako tu. Pengine anayeangalia mara nne bila kuchoka anamlinda mtu kuliko mama anayeosha sufuria. Sina hakika. Nakwambia ninavyofikiri leo, kesho naweza kubisha tena, mimi ndiye huyu.

Lakini usije ukaipenda. Naomba hilo. Iheshimu, iangalie, ifungie, irudishe ghalani, urudi chumbani kwako mtu mzima wa kawaida. Siku ukianza kupiga picha nayo ukanitumia, nitapanda basi nije Dar nikuchape mbele ya bosi wako. Siku ukiona moyo umechoka, acha kazi. Urudi. Maandazi yapo, mlango upo, hakuna atakayekuuliza.

Barua hii siitii tena kwenye begi, naiweka juu ya mto wako uisome usiku huu, maana kuna la stendi. Kesho stendi, baba yako ndiye atakayebeba begi lako. Amesema mwenyewe. Likifika basi atakupa. Usimwambie "liweke hapo baba" kama ulivyozoea. Nyoosha mikono, usubiri. Atachelewa, kondakta atapiga kelele, mwache apige. Subiri mpaka aachie.

Na radhi yangu, Zuhura, chukua. Nilikudanganya niliposema sina nyingine. Ninayo ya kwako tangu siku ulipozaliwa, sikumpa Rashidi hiyo. Nimekuridhia dunia na akhera, kwa maziwa yangu na kwa usiku wangu wote, uende salama, urudi salama, na mkono wako usimdhuru asiyestahili. Amina.

Mimi kigelegele hakijanitoka tangu siku ile. Harusi zote unazoniona nimejifunika kanga mdomoni, watu wanadhani naona haya, kumbe najaribu na hakitoki. Kesho basi likianza kusogea nitajaribu. Kikitoka, fungua dirisha ukisikie, ni chako. Kisipotoka, utaniona nimesimama mdomo wazi pale kwenye geti, ujue nilikuwa nakipiga.

Mama yako,
Somoe